Mazingaombwe yanavyofanya kazi, na kwa nini hata mwerevu hunaswa

Muulize mtu aliyewahi kutazama mazingaombwe shuleni, siku ile bwana mmoja alipokuja na begi lake, wanafunzi wakachanga hela kidogo ya kiingilio, na karatasi ikageuka noti mbele ya darasa zima. Muulize iliwezekanaje. Mara nyingi utapata moja ya majibu mawili. Mmoja atakwambia yule bwana alikuwa na majini. Mwingine, asiyeamini majini, atakwambia mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko macho.

Majibu yote mawili si kweli. Hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, maana linasikika kama ufafanuzi, na mtu akishalipata anaacha kuuliza. Mkono wa binadamu hauwezi kulishinda jicho kwa kasi. Mwanamazingaombwe hodari hufanya kazi polepole, tena penye mwanga, na anayeharakisha ndiye anayefumaniwa.

Chukua mchezo wa sarafu ambao karibu kila mwanafunzi wa fani hii huanza nao. Anaishika sarafu kwa kingo zake, kati ya kidole gumba na vidole vya mkono wa kushoto, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia unakuja kuichukua: kidole gumba kinapita chini ya sarafu, vidole vingine vinaifunika kwa mbele. Hapo palipofunikwa mkono wa kushoto unaiachia, na sarafu inadondoka kwenye kiganja kilekile cha kushoto. Mkono wa kulia unafumba ngumi na kuondoka mtupu. Wa kushoto unashuka taratibu ubavuni, umelegea, kama mkono usio na kazi. Macho yake yanaifuata ngumi ya kulia. Anaipuliza, anaifumbua, sarafu haipo.

Katika hatua zote hizo hakuna hata moja inayohitaji kasi. Kazi kubwa imefanywa na vitu viwili: macho ya mwanamazingaombwe, ambayo yametazama pale sarafu ilipopaswa kuwa, na ule mkono wa kushoto uliolegea. Anayejifunza hushindwa hapohapo. Vidole vyake vinajifunga kwa shaka, bega linapanda kidogo, na jicho linaibia kutazama kule sarafu iliko kweli kwa hofu ya kuiangusha. Mtazamaji hajui amegundua nini, lakini anajua mkono upi wa kuuliza. Ndiyo maana watu hufanya mazoezi ya mchezo huo mmoja kwa miaka: wanafundisha mwili wao mzima kuamini kwamba sarafu imehama.

Kwa nini macho yake yawe na nguvu juu ya macho yetu? Nyoosha mkono wako mbele na utazame ukucha wa kidole gumba. Eneo la upana wa ukucha ule, au kubwa kidogo tu, ndilo jicho linaloliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Kwingine kote ni ukungu, ila hatuusikii ukungu huo kwa sababu jicho linahama mara kadhaa kila sekunde na akili inaunganisha vipande. Akili ndiyo inayoamua jicho liende wapi, na mojawapo ya vitu inavyovitegemea sana katika uamuzi huo ni kule ambako watu wengine wanatazama. Mama akigeuka ghafla kutazama mlango, mtoto wake wa miezi michache naye hugeuka. Tabia hiyo haitutoki ukubwani.

Mwaka 1999 wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio ambalo limekuwa maarufu duniani. Waliwaonyesha watu video ya vijana wakipasiana mpira na kuwaomba wahesabu pasi za timu iliyovaa nyeupe. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la sokwe anaingia, anajipiga kifua, anatoka. Karibu nusu ya waliokuwa wakihesabu hawakumwona. Sokwe huyo hakufichwa, alipita katikati kabisa ya picha. Walikuwa na kazi nyingine akilini, basi.

Miaka 7 baadaye Gustav Kuhn, mwanasaikolojia ambaye ni mwanamazingaombwe pia, akishirikiana na Michael Land, alikwenda mbele zaidi. Alirusha mpira mdogo juu na kuudaka, akaurusha tena na kuudaka, na mara ya tatu akafanya ishara ya kurusha huku mpira ukibaki mkononi, macho yake yakipanda juu kama kawaida. Wengi wa waliotazama walisema waliuona mpira ukipaa na kuyeyukia hewani. Alipofanya ishara hiyohiyo macho yakiwa yametulia mkononi, walionaswa walipungua sana. Kifaa cha kufuatilia mboni za macho kilionyesha jambo la ajabu zaidi: wengi hawakuwa hata wametazama kule juu waliposema waliuona mpira. Walikuwa wakitazama uso wake. Kumbe jicho halikudanganyika. Akili ilijenga safari ya mpira kutokana na alichokuwa anakitarajia mwenye uso ule. Norman Triplett, Mmarekani, alikuwa ameshaandika kuhusu mchezo kama huo mwaka 1900 baada ya kuujaribu kwa watoto wa shule.

Hapa unaanza kuelewa kwa nini mwerevu naye hunaswa. Kufuata macho ya mwenzako, kutarajia kitu kiende kilikokwenda mara mbili zilizopita, kuweka umakini kwenye kazi uliyopewa: hizo ni dalili za akili inayofanya kazi vizuri. Wanamazingaombwe wengi watakwambia watoto wadogo sana ndio watazamaji wagumu, kwa kuwa hawajajifunza vizuri wapi pa kutazama. Profesa anajua.

Ninachokistahi zaidi katika sanaa hii ni jinsi inavyoshughulika na uchaguzi na kumbukumbu. Hapo macho hayana kazi tena. Tuseme zimewekwa bahasha mbili mezani, na yeye anaitaka ile ya kulia ibaki. Anakwambia, “Gusa moja.” Ukigusa ya kulia, anasema, “Vizuri, hiyo ndiyo yako, ishike.” Ukigusa ya kushoto, anaiondoa bila kusita: “Sawa, hiyo tunaitoa, yako ni hii.” Kwa vyovyote umepata ya kulia, na utaondoka ukiapa kwamba ulichagua mwenyewe. Siri yake ni kwamba hakusema mapema kugusa kuna maana gani. Wewe hukuuliza, kwa sababu sentensi yake ilisikika kamili. Mchezo huu unaweza kurefushwa hadi vitu 5 au zaidi, na kila hatua ikaonekana huru.

Kisha inakuja kumbukumbu. Karibu na mwisho wa mchezo wa karata, kabla ya kufunua, mwanamazingaombwe hurudia kusimulia kilichotokea: “Karata ulichanganya mwenyewe, ukachagua uliyoitaka, ukairudisha, mimi sijui iko wapi.” Ni kweli ulichanganya, lakini mwanzoni, kabla ya kuchagua. Baada ya hapo karata zilirudi mkononi mwake kwa muda mfupi, na katika muda huo ndipo mambo yalipofanyika. Masimulizi yake yameufuta muda ule. Kesho utamsimulia rafiki yako kwamba hakuzigusa karata kabisa, na rafiki yako, akitumia ushahidi wako, hatafika popote. Mtu anayejaribu kufumbua mazingaombwe kwa kumsikiliza aliyeyaona anaanza na habari ambazo zimeshachafuliwa.

Isitoshe, tendo lenyewe huwa limekwisha kabla mtazamaji hajajua kwamba mchezo umeanza. Anapohesabu moja, mbili, tatu, huwa hakuna kinachofanyika tena. Ndiyo maana kanuni ya wazee wa kazi ni kutorudia mchezo uleule mbele ya watu walewale. Wachache wanaothubutu kuivunja ni mabingwa. Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, alijigamba kwamba akionyeshwa mchezo wowote wa karata mara tatu ataujua. Mwaka 1922, mjini Chicago, kijana Dai Vernon alimwonyesha karata iliyowekwa ndani ya pakiti ikapanda juu, akaurudia mbele yake mara nyingi zaidi ya hizo tatu, na Houdini hakuujua.

Mitambo

Michezo mikubwa ya jukwaani hutegemea pia ufundi wa seremala na mhandisi. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1862, kwenye Royal Polytechnic mjini London, John Henry Pepper alionyesha mzimu uliotembea jukwaani, na watu wakaona vitu vya nyuma kupitia mwili wake. Ni wazo la Henry Dircks lililoboreshwa: kioo kikubwa kisafi kimesimamishwa mshazari mbele ya jukwaa, na mwigizaji aliyefichwa chini, mbele ya jukwaa, anamulikwa kwa taa kali. Ukisafiri kwa basi usiku na taa za ndani zikiwaka, unaona sura yako kwenye dirisha ikielea juu ya mashamba. Kanuni ni ileile. Tarehe 17 Januari 1921, pia London, P. T. Selbit alimkata mwanamke kwa msumeno ndani ya sanduku mbele ya ukumbi. Sanduku za namna hiyo zina nafasi kubwa kuliko inavyoonekana, na meza zake hupakwa rangi na kuchongwa kingo ili zionekane nyembamba. Aliyemo ndani ndiye mfanyakazi halisi: anajikunja haraka mahali ambapo mtu wa kawaida angekakamaa misuli, anatabasamu, na makofi yanakwenda kwa mwenye msumeno. Naona ni dhuluma ya muda mrefu kwamba majina ya wanawake hao hayajulikani.

Lakini mtambo bila hadithi hauna nguvu, na hakuna anayelionyesha hilo vizuri kuliko Jean-Eugène Robert-Houdin.

Sanduku lililokuwa jepesi na zito

Alizaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805, mtoto wa fundi saa, naye akajifunza kazi hiyohiyo. Mwaka 1845 alifungua ukumbi wake mdogo jijini Paris. Kabla yake wengi walipanda jukwaani na makanzu ya kichawi na meza zilizofunikwa vitambaa hadi sakafuni. Yeye alivaa suti ya jioni kama wageni wake, akaweka meza zenye miguu myembamba inayoonekana. Alisema mwanamazingaombwe ni mwigizaji anayecheza nafasi ya mchawi, na sijawahi kusikia maelezo ya kazi hii yaliyo mafupi na sahihi zaidi ya hayo.

Alikuwa mwepesi kushika habari za siku. Etha ilipoanza kutumiwa na madaktari kulaza wagonjwa, watu wote wakiizungumzia, Robert-Houdin alimleta mwanawe jukwaani, akamnusisha chupa, harufu ya etha ikajaa ukumbini, kisha kijana akalala hewani ameegemea fimbo moja tu kwa kiwiko. Watazamaji walikuwa tayari kuamini kwamba dawa ile mpya imeondoa uzito wa mwili. Mzigo wote ulibebwa na vyuma vilivyofichwa ndani ya nguo.

Mchezo wake mwingine ulikuwa kisanduku kidogo. Mtoto angeweza kukiinua. Robert-Houdin akitaka, mwanamume mwenye misuli angekivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na kisanduku kisitikisike. Kitako chake kilikuwa na bamba la chuma, na chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme iliyowashwa na kuzimwa kwa ishara. Leo mwanafunzi wa sekondari anajua sumaku ya umeme. Wakati ule walioijua walikuwa wachache mno. Jijini Paris alikitambulisha kama kisanduku kinachojilinda dhidi ya wezi: mwenyewe hukibeba, mwizi hakiwezi.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria. Wafaransa walikuwa wamevamia nchi hiyo tangu 1830, na watawala waliwaogopa masheikh walioheshimiwa kwa karama zao, ambao waliweza kuwainua watu kupinga. Kazi aliyopewa fundi saa huyu mstaafu ilikuwa kuonyesha kwamba Mfaransa ana nguvu kubwa zaidi. Alifanya maonyesho yake mjini Algiers mbele ya viongozi wa makabila walioalikwa. Kisanduku kilikuwapo, sumaku ilikuwapo, lakini hadithi ilikuwa nyingine. Alimwita mwanamume mwenye nguvu, akamwacha akiinue kirahisi, kisha akamwambia amemnyang’anya nguvu zake zote na sasa ni dhaifu kuliko mwanamke. Mtu yule alivuta, akavuta tena. Hapo msaidizi akapeleka umeme kwenye mpini, mtu akarushwa magoti, na mara mikono ilipoachia akakimbia nje ya ukumbi.

Angalia kilichobadilika. Paris, uzito ulikuwa kwenye kisanduku. Algiers, udhaifu ulikuwa ndani ya mwili wa mtu. Sumaku ilikuwa ileile. Maneno machache yalitosha kugeuza kichekesho kuwa kitisho. Habari hizi tunazo hasa kutokana na kumbukumbu alizoandika mwenyewe, na mtu wa fani ya udanganyifu akisimulia ushindi wake inafaa kumsikiliza kwa tahadhari. Aliandika pia kwamba baadaye wakalimani walitumwa kuwaeleza Waarabu kuwa yote yalikuwa sanaa tu. Hata hivyo, hapa ndipo ninaposhindwa kumpigia makofi bingwa ninayemheshimu. Wageni wake wa Paris walikata tiketi wakijua wanakwenda kudanganywa. Yule bwana wa Algiers alipanda jukwaani akiwa na nguvu zake, mbele ya watu wake, na dola iliyoitwaa nchi yake ikamfanya kifaa cha maonyesho.

Udanganyifu wenye ruhusa na usio na ruhusa

Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, aliandika katika barua yake moja kuhusu wacheza vikombe na vijiwe: udanganyifu wao haumdhuru mtu, na utamu wake uko humohumo kwenye kudanganywa. Mchezo wa vikombe bado upo hadi leo. Vijipira vinahama chini ya vikombe vitatu, na mwishoni, mtazamaji akidhani amebakiza kijipira kimoja cha kukisia, vikombe vinainuliwa na chini yake kuna ndimu nzima nzima. Ndimu ziliingizwa wakati watu wakicheka au wakigombana kuhusu kijipira. Weka jambo hilo akilini, nitalirudia.

Mtazamaji wa Seneca ametoa ruhusa. Ukiiondoa ruhusa, ujuzi uleule unakuwa wizi, na wizi huo tunaujua vizuri sana. Kenya wanauita pata potea, Tanzania karata tatu. Karata zinalazwa juu ya boksi karibu na stendi, mbili nyeusi na moja nyekundu, nawe unatakiwa kuonyesha nyekundu iko wapi. Mchezeshaji anashika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na umeiona nyekundu ikiwa ya chini. Anarusha. Jicho linatarajia ya chini itangulie kuanguka. Yeye anaachia ya juu. Kuanzia hapo unafuatilia kwa uaminifu karata ambayo siyo, na kadiri unavyokuwa makini ndivyo unavyokuwa na uhakika zaidi.

Ila karata ndiyo sehemu ndogo ya utapeli huo. Wale wanaokuzunguka, anayeshinda, anayelalamika, mama aliyebeba kikapu, wengi ni wapambe. Ukionyesha kusita, mmoja wao atasubiri mchezeshaji ageuke, atakunja kona ya karata nyekundu, kisha akukonyeze. Sasa unaamini kwamba wewe ndiye unayemwibia mchezeshaji. Unatoa hela zote. Mchezeshaji anapozizungusha tena anainyoosha kona ile na kuikunja ya karata nyeusi. Umepoteza, na huwezi kwenda polisi, kwa sababu utaanza maelezo yako kwa kusema ulikuwa unadanganya.

Walioibiwa kwa namna hii, au wale waliokabidhi simu na pochi kwa wageni wawili wenye maneno matamu, mara nyingi husema, “Walinipulizia dawa.” Nawaelewa. Ni vigumu kukubali kwamba nilitoa kwa mkono wangu nikiwa na akili zangu timamu. Lakini maelezo hayo yanawalinda matapeli, kwani kama ni dawa au uganga hakuna cha kujifunza. Duka nalo likipungukiwa mauzo, tunasema chuma ulete, yaani uchawi wa kuvuta fedha. Kabla ya kufika huko, inafaa kumkumbuka mteja aliyetoa noti kubwa kwa kitu kidogo, akabadili mawazo chenji ikiwa inahesabiwa, akarudisha, akaomba noti yake, akauliza bei ya sabuni katikati. Hesabu iliyokatizwa mara tatu huishia anapotaka mwenye kukatiza.

Kosa letu jingine ni kudhani msomi ndiye anayefaa kuwaumbua watu hawa. Mwaka 1979 maabara moja ya Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, ilianza kuchunguza watu wenye nguvu za akili zisizo za kawaida kwa msaada wa dola 500,000. Vijana wawili walikunja vijiko na kusogeza vitu mpaka wanasayansi wakaridhika. James Randi, mwanamazingaombwe, alikuwa amewaandikia watafiti mapema akiwaeleza tahadhari za kuchukua. Vijana wale walikuwa wanamazingaombwe, watu wake. Alilitangaza jambo hilo mwaka 1983. Mwanafizikia amezoea kuchunguza vitu visivyo na nia ya kumdanganya, na huo ndio udhaifu wake mbele ya mtu anayekusudia kumdanganya.

Randi huyohuyo, mwaka 1986, aliingiza kifaa cha kunasa mawimbi ya redio kwenye mikutano ya mhubiri wa televisheni Peter Popoff, aliyekuwa akiwaita wagonjwa kwa majina, akitaja magonjwa yao na mitaa wanayoishi kana kwamba ameteremshiwa ufunuo. Kwenye masafa ya megahezi 39.17 ilisikika sauti ya mkewe akimsomea habari hizo kutoka nyuma ya ukumbi. Waumini walikuwa wamezitoa wenyewe kabla ya ibada, kwa mazungumzo na kadi za maombi, kisha kumbukumbu ikafanya kazi yake: waliposimulia, hawakukumbuka kwamba waliwahi kumwambia mtu. Mwaka uliofuata Popoff alitangaza kufilisika. Baadaye alirudi, na alipata wafuasi wengine.

Sasa turudi kwenye ndimu. Katika mikoa kama Kigoma na Katavi hupita makundi yanayoitwa kamchape au lambalamba, yanayodai kufichua wachawi. Wanaingia kwenye ua wa mtu, ngoma na kelele, umati umejaa, wanachimba, na kwenye shimo inatoka pembe, chupa, au hirizi yenye nywele. Mwenye nyumba anatozwa fedha, anatukanwa, na wakati mwingine anaishia pabaya zaidi. Serikali imepiga marufuku shughuli hizo mara nyingi, lakini umati huwa umeshaona “kwa macho yake”. Na kwenye Kanda ya Ziwa bibi vizee wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizohizo.

Uingereza ilipitia hali hiyo. Mwaka 1584, wanawake wakinyongwa kwa tuhuma za uchawi, Reginald Scot wa Kent alichapisha kitabu cha kupinga mauaji hayo, na ndani yake akaweka kurasa nyingi zinazoeleza kiinimacho hatua kwa hatua: namna ya kuhamisha sarafu, namna ya kujichoma kisu kisichochoma, namna ya kukifanya kichwa cha mtu kionekane kimekatwa na kuwekwa kwenye sahani, kwa kutumia meza yenye matundu na watu wawili. Alijifunza baadhi yake kwa mwanamazingaombwe Mfaransa aliyeishi London. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wanaofanya maajabu hadharani hutumia vidole, si shetani, na kwamba bibi maskini anayeshtakiwa hana hata hivyo vidole.

Kitu kinachotoka shimoni mbele ya umati wenye kelele hakihitaji kuwa kilikuwamo shimoni. Kinaweza kutoka kiganjani, kwenye mkunjo wa shuka, kwenye mkoba wa dawa, au kwa mwenzao aliyepita uani jana usiku, na kinaingia wakati ule ule ambao ndimu huingia chini ya kikombe: watu wanaposogea, wanapopiga yowe, mchimbaji anapoinua uso kutazama mbingu na wote wakainua nyuso pamoja naye. Anayetaka kulipima dai hilo hatapata kitu kwa kukaza macho kwenye jembe. Achague mahali pa kuchimba mtu asiye wa kundi lao, achimbe mwingine asiye wa kundi lao, udongo uchekechwe kwenye turubai nyeupe, na mafundi wenyewe wakae ng’ambo ya uzio, mikono juu ya magoti, mpaka shimo lifike kina wanachokitaka.